Bibi Alilia Jikoni

Mimi nilishasema sitaki, na nilisema kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani kujua nani anapigwa. Watu wa vitabu wanataka mtu wa nyumbani aandike maisha ya mwandishi, yakae mwanzoni mwa kitabu chake kinachochapwa upya. Wangemwomba baba yake, mwandiko wake mzuri. Hapana, wanamtaka bibi. Bibi mwenyewe amekutana na herufi uzeeni, bado hawajazoeana, nyingine zikimwona zinampa mgongo. Na masharti juu: usiseme mimi, mimi, mimi kila mstari, hadithi ni ya mjukuu wako. Haya. Kuanzia hapa bibi ni bibi tu, mtu mwingine kabisa, na akisifiwa mahali msije mkasema amejisifu.

Mjukuu jina lake lipo kwenye jalada, anayelitaka akalisome huko. Nyumbani na mtaani anaitwa Mithili.

Jina hilo alilipata shuleni. Mwalimu wake wa insha alikuwa mtu wa mapambo. Ukiandika kwamba jua limechomoza, anakupa alama shingo upande. Ukiandika kwamba jua limechomoza mithili ya sinia la dhahabu, anakuita mbele uwasomee wenzako. Mtoto mwenye akili hachelewi kujua kinachompendeza mwalimu. Huyu wetu akawa anatia mithili kila mahali, kama mpishi aliyeokota pilipili ya bure. Siku moja aliumwa tumbo, akaandika mwenyewe karatasi ya kuomba ruhusa: tumbo linamnguruma mithili ya radi, jasho linamtoka mithili ya bomba lililopasuka. Mwalimu mkuu alipoisoma alimwita baba mtu, akamuuliza kwa upole kama mtoto bado yuko hai. Mithili akawa Mithili toka siku hiyo.

Shule ilipokwisha, hakuna aliyekuja kugonga mlango kuulizia yale majua yake. Akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa anapima misumari kwa kilo, anakata bomba, anachanganya rangi, anatafuta nati iliyojificha chini ya nati nyingine. Mwenye duka walimwita Mama Mizani, kwa kuwa alikuwa haamini mkono wa mtu hata mkono wake. Akishapima, anapima tena, halafu anakutazama usoni kama vile wewe ndiye uliyepunguza.

Kuandika Mithili hakuacha. Aliamka kabla ya wote, akabandika maji ya kuoga, akajibanza kwenye kona ya sebule, kreti lililopinduliwa likiwa ndiyo meza, akaandika. Maji yalichemka, yakachemka, yakapungua. Baba yake, fundi bomba, mtu anayethamini maji kuliko nyote mnavyodhani, alikuwa anafunua sufuria na kupiga kelele:

"Leo tunaoga mvuke?"

"Naja, baba! Binti mfalme amefika getini!"

"Mwambie aje na ndoo yake!"

Maana alikuwa anaandika mabinti wafalme. Makasri, taji, farasi weupe. Farasi mwenyewe alikuwa amemwona kwenye kalenda. Kila hadithi ikiisha alimtafuta bibi yake uani, baada ya chakula cha mchana siku asiyokwenda kazini, akamsomea. Huyo bibi alikuwa na masikio mazuri na heshima zake mtaani, na alipenda kusomewa. Lakini jua likishachomoza tu mithili ya kitu fulani, kichwa chake kinashuka kifuani.

"Bibi, umelala."

"Nani kalala? Nimefumba macho nilione vizuri hilo jua lako."

"Nimesoma mpaka wapi?"

"Mpaka hapo ulipoishia."

Sasa, kulikuwa na mhariri mmoja, mwenye kampuni ndogo ya vitabu, ofisi yake ghorofani juu ya duka la betri za magari. Chumba kimejaa mabunda ya karatasi, feni inazunguka kwa kulalamika, na yeye mwenyewe katikati, mfuko wa shati umevimba kalamu. Mithili alimpelekea hadithi zake, akarudishiwa. Akapeleka nyingine, akarudishiwa. Mara hiyo ya pili alimkuta mhariri mwenyewe, naye akamwonyesha kiti kwa kalamu.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Niko dukani. Vifaa vya ujenzi. Misumari, bawaba, vitasa."

"Nimesoma kurasa zako zote. Mna dhahabu, mna lulu, mna yakuti. Sijaona hata msumari mmoja. Kasri hilo limesimama kwa nini, kwa mate?"

Mithili alicheka, macho yakimwasha.

"Na watu wako," mhariri akaendelea, "wanazungumza kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Huyu mume anamwambia mkewe, 'Ewe mwandani wangu, tafadhali nipatie kikombe cha maji baridi mithili ya theluji.' Wewe baba yako akitaka maji anasemaje?"

"Anasema, 'Maji yako wapi nyumba hii?'"

"Basi. Niletee huyo baba. Ukiniletea tena binti mfalme, dada yangu, usipande ngazi. Mwache huko chini kwenye betri."

Alirudi nyumbani. Kitabu alikuwa anakitaka tangu ana pengo la meno ya mbele, na sasa aliona mlango umebaki upenyo. Bibi yake alimtazama akimenya vitunguu bila kusema neno, akajua, akamwambia, "Mke mwenzangu, kama ni vitunguu, lia. Kama ni mtu, nitajie." Mithili akasema ni vitunguu.

Baada ya hapo akaanza kuwasikiliza watu dukani. Lilikuwa jambo jipya kwake, maana zamani mteja akisema yeye alikuwa yuko kwenye kasri. Alimsikia mtu anaomba msumari wa kutundikia picha ya mama mkwe wake, "uwe mwembamba tu, picha ikianguka isionekane nimekusudia." Akawasikia mume na mke wanagombania rangi ya chumba, wakatoka bila rangi na bila kushikana mikono, wakarudi wanacheka na kopo la rangi ambayo hakuna kati yao aliyeitaka mwanzo. Mteja akigeuka tu, Mithili anachukua kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kufungia misumari, anaandika upesi kabla maneno hayajapoa.

Mama Mizani akanusa. "Unahesabu nini huko?"

"Sihesabu, mama. Naandika."

"Unaandika nini?"

"Watu."

"Watu hawauzwi hapa. Funga misumari."

Karatasi za kazi na karatasi za hadithi zilikaa pamoja kwenye kaunta, hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Seremala mmoja, mtu mzito asiyependa maneno, alinunua misumari yake akaondoka. Kesho yake akarudi, uso umekunjwa. Mama Mizani akanyanyuka haraka akidhani imepungua.

"Misumari haina shida," seremala akasema, akainyoosha kaki iliyokunjamana juu ya kaunta. "Ninachouliza ni huyu mwanamke hapa. Amesimama nyuma ya mlango, mumewe anagonga, mvua inanyesha. Kisha karatasi imeisha. Alifungua au hakufungua?"

Mithili alitamani kuingia ndani ya pipa la gundi. "Sijajua bado, fundi."

"Hujajua? Nani ajue? Mimi nimekata ubao vibaya leo kwa kumfikiria huyo mume kwenye mvua! Na kitasa chenyewe cha aina gani?"

"Cha kuzungusha."

"Kile kinakwama kikilowa. Hata akitaka kufungua atahangaika." Akaondoka, akarudi mlangoni. "Hadithi ikiwa tayari, nifungie misumari nayo."

Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa Mithili asiyelala. Mithili alirudi nyumbani anaruka vidimbwi.

Kuanzia hapo hadithi zikabadilika. Uani, kichwa cha bibi kikawa kinachelewa kushuka. Ikifika mahali kikashuka, Mithili alipiga mstari pembeni, na akirudia kusoma anakuta ni palepale: mithili imejipenyeza. Anaitoa. Bibi anaamka, anasema, "Endelea, mbona umenyamaza?"

Kisha akaandika ile ya miwani. Hii hakuisoma uani. Aliipeleka moja kwa moja ghorofani.

Ilikuwa ya mwanamke mzee anayeheshimika mtaani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Watu wakimletea karatasi awasomee, anaivaa, anaitazama karatasi kwa makini, anatikisa kichwa, halafu anasema, "Leo miwani ina ukungu, hebu soma wewe nisikie kama unajua." Siku moja jirani analeta kadi ya arusi. Mzee anaishika, anaitazama, anasema, "Kadi nzuri, wamejitahidi." Mjukuu wake amesimama pembeni. Anaona kadi imegeuzwa juu chini. Ananyoosha mkono, anaigeuza polepole, na macho ya bibi na ya mjukuu yanakutana juu ya kadi.

Mhariri alisoma mpaka mwisho, feni ikilalamika. Akaweka kalamu mezani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kitabu kipo," akasema. "Kitasimama juu ya hii. Bila hii, hizo nyingine nzuri, lakini ni vitasa bila mlango. Kasoro moja tu. Mwisho. Msomaji amefika mpaka kwenye yale macho yanayokutana, halafu unamwacha mikono mitupu. Mpe chozi. Bibi alie."

"Alie?"

"Alie. Kidogo tu."

Mithili angekubali hata bibi aruke ukuta, siku hiyo. Akaketi ngazini na kuandika: *Machozi yakamtiririka bibi mithili ya mvua ya kwanza.* Akarudi nyumbani anaimba. Lakini alipomwona bibi yake uani, miwani kwenye uzi mweusi, wimbo ukamkwama. Hadithi zote zilikuwa zimepita kwenye masikio yale. Hii ikapitishwe wapi?

Akaketi, akaanza kusoma. Kichwa cha bibi hakikushuka. Hakikutikisika. Mithili alipofika kwenye kadi ya arusi, akaanza kusoma harakaharaka.

"Simama hapo," bibi akasema. "Huyo nani?"

"Mtu tu, bibi. Nimemtunga."

"Umemtunga na uzi mweusi?"

"Watu wengi wana uzi mweusi."

"Nitajie mmoja."

Mithili akaanza kuikunja karatasi.

"Kadi ile sikuishika juu chini," bibi akasema. "Maua ndiyo waliyachora juu chini. Maua yana juu na chini? Na miwani ina ukungu kweli, ukitaka ivae uone. Karatasi hiyo haitoki nyumba hii."

"Bibi, bila hii hakuna kitabu."

"Basi kisiwepo! Nimekaa mtaa huu nimekuwa mtu, leo niuzwe dukani nimeshika kadi kama mtoto anayeshika nyoka wa mpira?"

Jioni chakula kikaletwa sebuleni. Baba mtu akaketi, Mithili akaketi, uso umeinamia sahani. Bibi akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akatangaza:

"Leo mimi nitalia jikoni."

Baba mtu akaacha kijiko. Akanyanyuka, akamshika mama yake bega. "Mama, usilie. Hakuna jambo lisilozungumzika. Ukilia mama na mimi nitalia."

"Wewe lia hapo hapo ulipo, chakula chako si kiko mbele yako? Mimi nitalia huko, kwenye kigoda, peke yangu. Niletee sahani!"

Ikabidi afikirie kwanza ndipo aelewe kwamba mama yake anazungumzia tumbo. Akapeleka sahani jikoni anauma midomo asicheke. Mithili naye angecheka, lakini alikuwa upande wa kosa.

Nyumba ikawa nzito. Bibi alizungumza na sufuria, na kuku wa jirani, na baba mtu, Mithili hapati hata salamu ya pembeni. Kule ghorofani mhariri anauliza, karatasi ziko wapi, mtambo unasubiri. Mithili angeweza kuzipeleka. Bibi asingejua, angejuaje? Hilo ndilo lililomzuia. Alisema mwenyewe baadaye: kumwibia mtu anayeona ni wizi tu, kumwibia asiyesoma kwa maandishi, hilo hakulipatia jina.

Asubuhi moja yuko kwenye kreti lake, akasikia kigoda kinaburutwa. Bibi akaketi mbele yake, akavaa miwani.

"Siwezi kukataa kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu," akasema. "Wala kukikubali. Nifundishe."

"Nikufundishe nini, bibi?"

"Kucheza ngoma. Kusoma, mpumbavu we!"

Akamfundisha. Ba, be, bi, kwenye kaki za misumari. Bibi alikuwa mwanafunzi mgumu, anabishana na herufi. "Hii *b* na hii *d* ni mtu mmoja, amegeuka tu kumwangalia mwenzake." Maji yalikauka sufuriani, baba mtu akaoga mvuke bila kulalamika. Kwenye mlango wa jikoni bibi alisoma kopo la chumvi, akatangazia mtaa mzima. Mpaka ikafika siku akasema, "Lete."

Alisoma hadithi nzima kwa kidole, silabi kwa silabi, Mithili amekaa mkabala roho mkononi. Kwenye uzi mweusi bibi aliguna. Kwenye ukungu akasema, "Mm." Kwenye kadi akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena, bega likaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Kweli maua yalikuwa yananing'inia," akasema. Akaenda mpaka mwisho. Kidole kikasimama.

"Ma-cho-zi. Machozi ya nani?"

"Ya bibi."

"Bibi yupi? Mimi sikulia."

"Ni hadithi, bibi."

"Uzi wangu umeuchukua, sawa. Miwani, sawa. Kadi nayo, chukua, maana umeiandika vizuri mpaka nimejiona. Lakini sikulia. Chozi hili si langu, umeniazimia wapi? Na hii mithili inatafuta nini hapa? Futa. Ukifuta, kitabu chako nenda nacho."

Mithili akapanda ngazi za ghorofani. Mhariri akasikiliza, akatikisa kichwa. "Dada, tumeshazungumza. Bila chozi hadithi haina mwisho, na bila mwisho siichapi. Chagua."

Aliketi kwenye ngazi zilezile, chini wanapakia betri. Angeweza kuacha chozi. Angeweza kuacha kitabu. Akakumbuka mlango wa sebule, mkono kiunoni, na baba yake amemshika mama yake bega. Akaanza kucheka peke yake mpaka wapakiaji wakatazama juu. Akafuta mvua ya kwanza, akafuta machozi yote, akaandika maneno matano:

*Jioni ile bibi alilia jikoni.*

Mhariri akasoma. Akavua miwani yake, akaifuta. "Unaona?" akasema, sauti imelainika. "Kidogo tu. Jikoni, peke yake. Hii inauma kuliko hiyo mvua uliyoifuta."

Mithili akakimbia nyumbani. Bibi akasoma kwa kidole. "A-li-li-a ji-ko-ni. Kweli kabisa. Hapo umesema kweli. Na mboga ilikuwa imepoa, ungelitia na hilo."

Kitabu kikachapwa. Siku kilipotoka bibi alivaa gauni lake la kutokea, akapanda ngazi za ghorofani bila kushikwa mkono. Seremala alikuwepo, ameshika nakala yake kama ubao wa thamani. Mama Mizani alikuwepo pia, anakipima kitabu kiganjani. Mhariri akamwendea bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, shikamoo. Pole sana kwa yale machozi ya jikoni."

"Marahaba. Machozi gani, baba?"

"Ulipolia."

"Nililia, ndiyo. Kwenye kigoda. Nikamaliza sahani yote."

Mithili alitazama feni. Mhariri alimgeukia, akarudi kwa bibi, akafungua kitabu, akasoma ule mstari kwa midomo bila sauti, kisha akasoma tena. Akaketi juu ya boksi la vitabu akacheka mpaka kalamu zikamwagika mfukoni.

"Huyu dada," akasema alipopata pumzi, "huyu sasa ni mwandishi."

Mithili bado yuko dukani, kaki bado zinaandikwa, na seremala bado anafungiwa misumari yake kwenye hadithi. Lile la mwanamke na kitasa alishajibiwa. Akanuna kidogo, akanunua kitasa kipya.

Basi, nimeandika mlichotaka, mkono unaniuma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Ukifika kwenye hadithi ya miwani, usiisome kimyakimya. Mwite mtu aliye karibu, msomee kwa sauti. Akisinzia, piga mstari pembeni, umletee Mithili akafute. Na ukimaliza ule mstari wa mwisho muulize: bibi alifanya nini jikoni? Akisema aliangusha machozi, usimwache aondoke. Mwambie nimesema mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba alikuwa anakula.